Boti ya Mwalimu na Mguu wa Mama Mkwe

Tangu nistaafu, vijana wa hapa Oyugis hunijia na simu zao mkononi. Wananionyesha picha: gari la rimoti, boti ya rimoti, ndege ndogo ya mabawa manne. "Mama, hii ni poa?" Nami huwajibu kwamba sijui, kwa sababu sikuwa fundi. Nilikuwa wakala wa bima kwa miaka ishirini na zaidi, kuanzia hapa Kasipul hadi Homa Bay, nikateremka Migori mpaka mpakani kwa Wakuria. Kuhusu rimoti najua jambo moja tu, nalo ni yale yanayofuata kitu kikishamgonga mtu. Basi kaeni niwaeleze, na anayetaka kusikia habari za kasi aende kwa fundi.

Kwanza nianze kwa kujicheka. Mtu wa kwanza kuniletea ombi la bima ya ndege ya rimoti alinikuta sijawahi kuiona. Nikajaza fomu, na pale panapoulizwa aina ya kifaa nikaandika "kitu cha kuchezea watoto." Aliyenifundisha kazi, marehemu mzee Ogutu, aliisoma ile fomu akavua miwani. Kwake yeye kuvua miwani kulikuwa kama mtu mwingine kuvua mshipi.

"Nyar Kasipul," akaniambia, yaani binti wa Kasipul, "hiki kitu cha watoto kina kilo ngapi?"

"Kilo nne, mzee."

"Na kinaenda wapi?"

"Juu."

"Sasa hiyo kilo nne ikishuka kwa kichwa ya watu wakitoka kanisa, utaambia pasta ni toto ilikuwa inacheza?"

Nikaichana fomu mbele yake na kuandika nyingine. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza jina la mteja, nauliza uzito wa kifaa, nguvu ya mota, na kama kinaruka au hakiruki. Nanyi mkienda kununua ulizeni hivyo hivyo. Neno "toi", yaani kitu cha kuchezea, kwenye boksi ni la muuzaji, na yeye siku ya ajali hayupo.

Kinachoruka kina wenyewe. Mfugaji mmoja wa Kegonga, kule mpakani, alinunua droni ng'ambo ya mpaka akaileta nyumbani ndani ya gunia la mahindi, ili aangalie ng'ombe wake akiwa amekaa kwenye kiti. Alikuja kwangu baadaye kutafuta bima. Nilipomwomba cheti cha usajili akanipa risiti ya duka.

"Hiyo ndiyo cheti yangu," akasema. "Ng'ombe ni yangu, shamba ni yangu. Sasa kwani hewa ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba hewa nayo ina ofisi. Chombo kama kile kinaombewa kibali kabla hakijaingia nchini, kinasajiliwa, na anayekirusha naye anatakiwa awe ameruhusiwa. Tena yeye anaishi mahali ambapo upepo mkali kidogo unakipeleka nchi ya watu. Akataka tuandike bima kwanza, vibali vifuate. Nikamwambia bima si sabuni, haiwezi kuosha kitu kilichoingia kwa gunia. Hakukasirika, alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye nilisikia ameongeza mbwa wawili. Mbwa nao wana sheria zao, lakini hilo sikumwambia.

Na rimoti yenyewe mnaidharau sana. Mnatazama boti, mnatazama rangi, halafu rimoti mnachukua yoyote inayoingia mkononi. Ile rimoti ni redio, inarusha mawimbi, na mawimbi yamegawanywa kisheria kama mashamba. Tafuteni yenye alama ya kuthibitishwa, na mkimpata fundi anayejisifu kwamba ameiongezea nguvu ifike kilomita tano, muageni kwa heshima mwondoke. Kisha muulizeni muuzaji: ishara ikikatika, mota inazima yenyewe, au inaendelea na mwendo iliokuwa nao? Akikodoa macho, nanyi ondokeni. Pigeni picha ya nambari ya kifaa, wekeni risiti. Someni fomu ya bima mjue ni nani ameandikwa kuwa mwendeshaji, kwa sababu bima nyingi zinamjua mwenye jina tu, na shemeji aliyeomba "kidogo tu" hayumo. Bima ya nyumba nayo msiitegemee, nyingi zinaviacha nje vitu vyenye mota. Na zile betri msizichaji juu ya godoro. Hilo halihitaji wakala, ni akili tu.

Sasa nije kwa Mwalimu Ouma, maana hayo yote niliyosema Mwalimu aliyafanya. Aliyekosea ni mimi.

Mwalimu Ouma alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Homa Bay. Yeye na wenzake saba au wanane walikutana ufukweni Jumapili mchana kukimbiza boti za rimoti, wakajiita klabu. Niliwaandikia bima ya mtu wa tatu. Maana yake ni kwamba boti ya mwanachama ikimuumiza mtu mwingine kwa uzembe wa mwenye boti, kampuni inabeba mzigo. Ya Mwalimu aliichonga mwenyewe kwa mbao, nzito, ndefu kama mkono wa mtu mzima, akaipaka rangi kali kama mitumbwi ya Muhuru Bay. Ubavuni aliandika Akinyi, jina la mke wake. Rimoti yake ilikuwa na alama, na ishara ikikatika mota ilizima. Niliipenda fomu yake, nikawa nawaonyesha wengine kama mfano.

Shule zilipofungwa, Mwalimu na Akinyi walikwenda Muhuru Bay kusalimia kwa kina Akinyi, na boti akaibeba. Alasiri moja akashuka ziwani peke yake, amevaa kaptura, akaanza kuizungusha mbele ya nyavu zinazoanikiwa omena, wale dagaa wa ziwani. Hapo ndipo mama mkwe wake, Mama Dorina, alipoteremka na beseni lake kusuuza omena.

Ninyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mkiwa mmekumbatiana, kwa hiyo lazima niwaeleze. Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na mwanamume mzima kuonwa magoti na mama mkwe wake ni aibu ambayo hata sasa siwezi kuitaja bila kuinamisha kichwa. Mwalimu alimwona mama, akajiona magoti, akaruka nyuma ya mtumbwi uliokuwa umepandishwa mchangani. Akachuchumaa hapo na rimoti mkononi, akingoja mama amalize apite.

Alisahau kidole. Kidole kilibaki kwenye kile kijiti cha mwendo. Rimoti nzuri inajua la kufanya ishara ikikatika, lakini hapa ishara haikukatika, ilikuwa nzima kabisa. Boti iliendelea kukimbia bila mtu wa kuiona, ikaingia maji ya kina kifupi ikampiga Mama Dorina juu tu ya kifundo cha mguu. Mwalimu alisikia beseni likianguka.

Wanawake waliokuwa karibu ndio waliombeba, maana yeye hakuweza kumgusa. Akanipigia simu palepale mchangani.

"Madam, nimeharibu. Nimegonga mama."

"Mama nani?"

"Mama yake Akinyi. Mguu imevunjika, nimeiona. Wacha nivae suruali nikimbie kwao, niseme ni mimi, nipige magoti. Hiyo hospitali nitalipa hata kama ni kuuza ng'ombe."

Sikilizeni nilichomjibu. Katika bima za namna hii kuna sharti: mwenye bima asikubali kosa wala kuahidi malipo kabla kampuni haijajua. Ni sharti la kweli, nililihifadhi kama Baba Yetu. Nikamwambia, "Mwalimu, usiende. Usiseme neno. Rudi Homa Bay ungoje barua."

Akauliza, "Hata kumwona?"

"Hata kumwona."

Akanitii. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo, ndiyo maana fomu yake ilinipendeza. Alipanda gari siku hiyohiyo akaondoka kwa wakwe zake bila kuaga, na mama mwenye nyumba yuko kwenye zahanati.

Zahanati ilimfunga plasta ya muda wakasema aende hospitali kubwa, mfupa umekaa vibaya, unahitaji daktari wa mifupa, na usicheleweshwe. Kampuni ilikuwa tayari kuandikia hospitali barua ya dhamana. Kilichotakiwa ni Mama Dorina kutia sahihi fomu ya madai, kwa sababu aliyeumia ndiye anayedai. Fomu nikaituma kwa mkono wa mtu. Ikarudi tupu. Nikaituma tena, ikarudi imekunjwa mara nne, safi, haina hata alama ya kidole.

Siku zikawa wiki. Mwalimu alinipigia kila jioni. Akinyi alikuwa amebaki Muhuru kumuuguza mama yake na hapokei simu ya mume. "Madam, nifanye nini?" Nami namjibu, "Vumilia Mwalimu, ni utaratibu." Nikikumbuka lile neno utaratibu nasikia haya. Nililitamka kwa sauti ya upole kabisa, kama muuguzi.

Wiki ya tatu ilipoanza nilifunga safari mwenyewe. Nilimkuta Mama Dorina nyumbani kwake, amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango, mguu juu ya mto, anachambua dengu kwenye ungo kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Nilianza kumweleza kwa lugha ya ofisini. Nikasema mdai ni nani na mdaiwa ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo unataka nimshtaki mkwe wangu," akasema.

"Si kumshtaki, mama. Ni karatasi tu. Kampuni ndiyo italipa."

"Jina yake iko hapo?"

"Iko."

"Na yangu?"

"Iko, hapa chini."

"Basi hiyo ni kesi." Akarudi kwenye dengu zake. "Mkwe akiumiza mtu anakuja mwenyewe. Huyu ametuma karatasi mara mbili, na sasa ametuma mama mzima na mkoba. Mwambie mimi sina maneno na yeye."

Nikatoka nje. Akinyi alikuwa uani anafua, na hakuinua macho. Nikamwambia mama yake ni mgumu, amsaidie kuelewa mambo ya bima, mguu unaharibika.

"Mama anaelewa bima vizuri," Akinyi akasema. "Alikuwa mweka hazina wa kikundi ya kina mama miaka kumi. Hiyo mguu siyo inamsumbua. Kila gari ikisimama pale barabarani anauliza ni nani. Mimi namwambia ni watu ya omena." Akakamua nguo kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Mtu nimezaa na yeye watoto watatu. Akapanda gari akaenda. Nimwambie mama nini?"

Hapo nikajua. Nilisimama pale uani na mkoba wangu nikatamani ardhi inimeze, nami nimekaa kanisani miaka yote nikiimba kuhusu kubebeana mizigo. Nilikwenda pembeni nikampigia afisa wa madai kule makao makuu, kijana mdogo kwangu, nikamwuliza kwa sauti ya kubembeleza kama mteja wetu anaweza kuruhusiwa kumtembelea mgonjwa, bila kuahidi chochote, kwa masharti yoyote watakayoweka.

Akashangaa. "Lakini Mama, nani alimkataza? Sharti linasema asikubali kosa na asiahidi pesa. Halijasema asimwone mama mkwe."

Na ni kweli. Sharti nililisoma mara mia, na hayo ya kutokwenda hayamo. Niliyaongeza mimi. Niliyaongeza kwa hofu ya kazi, nikayatia sauti ya sheria, na mtu mwema akayaamini kwa sababu yametoka kwa wakala. Nilipomsimulia yote, afisa akaongeza jingine lililonichoma zaidi: hata ile habari ya kujificha nyuma ya mtumbwi haikuwa siri ya kuficha. Bima ya mtu wa tatu inanunuliwa kwa ajili ya uzembe hasa. Mwenye boti asingekuwa na kosa lolote, kampuni ingekuwa inalipa nini?

Nikarudi ndani. Sikuchukua kiti. Nilikaa kwenye mkeka, kando ya kitanda cha Mama Dorina, kwa sababu kuna mambo hayasemwi ukiwa umekaa juu.

"Min Akinyi," nikamwita kwa jina la binti yake, yaani mama Akinyi, "mkwe wako alitaka kuja siku ileile. Alitaka kuvaa suruali akimbie kwako apige magoti. Mimi ndiye nilimzuia. Nilimwambia asikanyage hapa. Aliniomba hata kukuona, nikamkatalia hata kukuona. Kosa la boti ni lake. Kosa la wiki hizi zote ni langu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Alitaka kuvaa suruali?"

"Alikuwa na kaptura. Ndiyo maana alijificha. Hakutaka umwone magoti."

Aliangalia mlangoni kwa muda. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na akiwa bado anacheka akaanza kulia. Nikalia naye. Akinyi aliingia na mikono ya povu akatukuta hivyo, akauliza kuna nini. Mama akamwambia, "Huyo bwana yako alikuwa amevaa nguo ya watoto," na Akinyi akakaa chini palepale mlangoni, mikono ya povu usoni.

Jioni ile nilimwita Mwalimu, akafika kesho yake kabla ya adhuhuri. Jua la Muhuru mnalijua. Alikuja na suti nyeusi ya mikutano ya wazazi, tai imebana, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na sukari kilo mbili kwenye mfuko. Hakuingia chumbani, haingewezekana. Akinyi alimwekea kiti nje, kando ya ukuta wa kitanda cha mama, hivi kwamba kati yao palikuwa na ukuta wa udongo na dirisha dogo. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kiti kikilia. Alianza, akaacha, akaanza tena. Mtu aliyezoea kusema mbele ya wanafunzi hamsini alikosa neno moja.

Mama Dorina alingoja. Kisha akamwita binti yake, kwa sauti iliyotosha kupita dirishani.

"Akinyi. Mwalimu ametoka mbali. Mmempa maji?"

"Bado, mama."

"Mpe maji. Chinja ile kuku nyeusi. Na mwambie afungue hiyo koti, atakufa hapa kwangu."

Kule nje nilisikia Mwalimu akilia kama wanavyolia wanaume waliofundishwa wasilie. Mama Dorina alikuwa anatazama dari. Alinyoosha mkono upande wangu bila kugeuka. "Leta hiyo kitu yako," akasema, na nikampa fomu na kalamu. Alisoma yote, mbele na nyuma, kama mweka hazina. Pale panaposema eleza ilivyotokea, aliniambia niandike kwamba mkwe wake alijificha kwa ajili ya kumheshimu yeye, na kwamba jambo hilo lisiondolewe na mtu yeyote ofisini. Nikaandika hivyo, akatia sahihi.

Kampuni haikuondoa neno wala haikukataa. Wiki ileile alilazwa hospitali kubwa, mguu ukavunjwa upya na kutengenezwa kwa vyuma. Mwalimu na Akinyi wako pamoja, na klabu yao bado inakutana Jumapili, wote wakiwa na suruali ndefu.

Mimi nilifanya kazi miaka minne zaidi. Kila aliyenipigia simu baada ya ajali nilimwambia asiahidi, asikubali kosa, na aende hospitalini sasa hivi akiwa na sukari.

Mama Dorina anatembea. Hateremki tena ziwani, anauza omena akiwa amekaa, na akisimama anachechemea upande wa kushoto. Siku alipotolewa nyuzi, daktari alinivuta kando kwenye korido akidhani mimi ni dada yake. Akasema angeletwa wiki ile ya kwanza angetembea sawasawa. Sikumwambia mtu. Kila nikienda Muhuru hunitengea kiti karibu yake, na nikitaka kuinuka kumsaidia kubeba beseni hunishika mkono na kusema, "Kaa, Nyar Kasipul. Mguu yako ndiyo nzee." Sijui kama yule daktari alimwambia na yeye. Tunakaa tu, na hakuna anayeuliza.